Samaki wa Getini

Jamani, hii ninayowaambia hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Kuna mtu alimpoteza mke kwa sababu samaki wake walikuwa na afya njema. Msirudi nyuma kusoma tena, mmesoma sawasawa! Samaki hawakuugua, hawakuibwa, hawakuliwa na paka. Walinenepa, wakang'aa, wakaruka juu ya maji kama wamelipwa, na kwa kunenepa kwao nyumba ya mtu ikavunjika. Tulieni niwape yote tangu mwanzo.

Kulikuwa na kiwanda cha mabati. Bati linaingia jeusi, linapitishwa kwenye asidi, linaoshwa, linachovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, linatoka linameremeta mpaka unajiona meno. Sasa yale maji ya kuoshea lazima yaende mahali. Yalikuwa yanasafishwa kwenye matangi nyuma ya kiwanda, yanatoka kwa bomba moja, yanapita kwenye bwawa dogo la saruji pale getini, kisha yanateremka mtaroni mpaka kwenye kijito cha bondeni.

Hilo bwawa dogo la getini ndilo lenye kisa. Meneja alilijenga baada ya watu wa bondeni kuanza kelele. Akatia perege humo, akasimamisha na kibao kikubwa cha rangi ya bluu: MAJI YETU NI SALAMA, WAULIZE SAMAKI. Ukija na malalamiko, unaletwa getini unaonyeshwa samaki. Ukija na kamera, unaletwa getini unaonyeshwa samaki. Ukija kukagua, hata chai hujapewa, tayari umeshaonyeshwa samaki. Mashahidi gani wazuri kuliko hao? Hawaombi likizo, hawana mdomo mrefu, na ukiwarushia chakula wanakuja mbio.

Aliyepewa kuwatunza alikuwa kijana aliyeajiriwa kufagia. Jina lake lilisahaulika mwezi uleule, akabaki kuitwa Mapezi. Na kazi hiyo ilimwanzia vibaya, nyie! Samaki wa kwanza walikufa wote. Asubuhi anafika, anakuta matumbo meupe yamejaa juu ya maji kama sahani baada ya sherehe. Meneja akamwita pembeni.

"Mapezi, mimi sijali unafanyaje. Sitaki kuona samaki amegeuza tumbo getini kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bosi."

Akaingia kazini. Akaweka paa la wavu mweusi ili jua lisipige maji. Akambembeleza fundi umeme mpaka akapata kimashine cha kupuliza hewa, kile kinachotoa mapovu usiku na mchana. Halafu kwenye lundo la ujenzi nyuma ya stoo akaona mawe ya chokaa yametupwa, akayabeba kwa toroli akayapanga bwawa zima, kwa sababu tu aliona yanapendeza. Akaleta vifaranga vipya vya samaki. Wakaishi! Wakakua, wakazaana, watoto wao nao wakazaana. Mapezi akajiona daktari. Wale wa kwanza, aliwaza, niliwaua mimi kwa ushamba wangu.

Shikeni hilo neno, maana ndipo kosa lilipozaliwa. Samaki wanakufa, yeye anajilaumu. Samaki wanapona, yeye anajisifu. Maji yenyewe hayakuulizwa hata siku moja.

Aliwapenda wale samaki mpaka mke wake, Mama Pacha, akawa anamtania, "Wangekuwa na kiuno ningeshaletewa uke wenza." Kuna klipu moja aliirekodi mwenyewe, amechutama ukingoni, perege wanamnyonya vidole, yeye anacheka kama anatekenywa. Ilizunguka kwenye simu za watu mpaka ikamrudia mwenyewe ikiwa imewekewa muziki. Kiwanda kikaiweka kwenye ukurasa wake. Mapezi akawa maarufu.

Sasa teremkeni na mimi bondeni. Dada yake Mapezi, dada mkubwa, yule aliyemlea mama yao alipofariki, alikuwa na mabwawa yake huko pamoja na mumewe. Mabwawa ya udongo, mapana, hayana kivuli, yanajazwa na kijito. Na kijito kile kinatoka kwenye kinamasi, majani yanaoza humo mwaka mzima, maji yake laini kabisa, kipande kidogo cha sabuni kinatoa povu la kuogesha ukoo. Msimu wa mvua, kijito kinajaa na samaki wa Dada wanacheza. Kiangazi kikikaza, kijito kinabaki kamba nyembamba, na sehemu kubwa ya hiyo kamba ni maji ya kiwanda.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa si cha kawaida. Jua lilikuwa linashuka mpaka mabegani mwa watu.

Na hapo katikati kulikuwa na ugomvi. Mama Pacha na Dada, mtu na wifi yake, mnajua tena. Dada alisema mbele ya wageni kwamba pacha wana miguu kama antena za redio, hawalishwi. Mama Pacha hakujibu pale pale. Alifika nyumbani, akakaa, akanywa maji, akashika simu, akatuma sauti ndefu kwenye kundi la familia, na mwisho wake akasema, "Wifi yangu mpenzi, kabla hujapima miguu ya wanangu, pima samaki wako. Mdomo wako peke yake ni mkubwa kuliko wote." Kundi likanyamaza siku nzima. Hata wale wanaotuma maua ya asubuhi waliogopa.

Siku chache baadaye, samaki wa Dada wakafa. Si mmoja, si kumi. Mabwawa yote. Asubuhi mtu ukisimama juu ya tuta huoni maji, unaona matumbo. Walikuwa wamebakiza kidogo tu wavuliwe.

Mapezi aliitwa sebuleni kwa Dada siku hiyohiyo, mchana, na mkewe. Mapazia yalikuwa yamefungwa, feni inalia kama ina kikohozi. Dada amekaa kwenye kochi la watu watatu peke yake, kanga mabegani, macho mekundu. Shemeji, mumewe, dereva wa lori mstaafu ambaye kwa kawaida hamalizi sentensi bila utani, siku hiyo amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari wa meno.

"Keti, shemeji," akamwambia Mama Pacha. "Nikuulize kitu, na unijibu taratibu. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilipita hapa. Nilimletea Dada vyombo vyake."

"Na ndoo?"

Mama Pacha akamtazama. "Ndoo ipi?"

"Shemeji, nilikuwa nyuma ya banda. Nilikuona kwa macho yangu haya. Ulisimama kwenye tuta, ukamwaga ndoo bwawani."

Feni ikaendelea kukohoa.

"Ndiyo, nilimwaga," Mama Pacha akasema. "Nilipopita niliona samaki wako juu. Midomo nje, wanaachama wanafumba, wanaachama wanafumba, kama watoto wanaoomba titi. Nikaona maji yamechemka kwa jua, nikasema wanataka maji ya baridi. Nikachota kwenye tangi lenu hapo, maji ya mvua, nikawamwagia. Niliwaita, hakuna aliyeitika."

"Maji ya mvua," akasema Dada.

"Maji ya mvua, wifi."

Dada akacheka. Kicheko kibaya, kile kinachotokea puani. "Mnasikia? Samaki wangu wameuawa na maji ya mvua! Basi mvua ikinyesha tukimbizeni samaki wote duniani ndani ya nyumba!"

"Sijasema yamewaua. Nimesema niliwakuta tayari wana hali mbaya. Dada, yale maji ya kiwanda..."

"Usiseme kiwanda!" Dada akamgeukia mdogo wake. "Haya, mtu wa samaki yumo humu ndani. Wewe Mapezi, nimekubeba mgongoni, usinidanganye. Maji ya kiwanda chenu yanaweza kuua samaki?"

Hapa ndipo jamani. Hapa hapa. Mapezi alimtazama mke wake, akamtazama dada yake. Akakumbuka perege wake wanavyoruka. Akaona akisema yanaweza, atakuwa anadanganya, na anawatukana samaki wake, na anajitukana mwenyewe. Akajibu kwa moyo mmoja, tena kwa fahari kidogo:

"Hayawezi, dada. Wangu wanakunywa hayohayo kabla hayajafika kwenu, na wanakula mpaka wanaruka."

Basi. Kama maji ni mazima, imebaki ndoo. Nani alishika ndoo?

Mama Pacha hakulia. Alisimama, akanyoosha gauni, akamwambia mumewe taratibu kabisa, "Umesema vizuri." Jioni alikuwa kwao na pacha wote wawili, na sufuria zake zote mbili nzuri. Kwenye kundi la familia mtu akaandika "tuombeane", mwingine akamtoa Mama Pacha kwenye kundi. Mtaani akapachikwa jina: Ndoo. Alikuwa anashona nguo za wanafunzi, watu wakaacha kumpelekea vitambaa. Nani ampe kitambaa mtu anayetia sumu?

Na Mapezi? Alirudi getini. Akawatazama perege wake, na kwa mara ya kwanza hakuwachekea.

Angebaki hivyo mpaka leo kama si Meneja na mapambo yake. Kulikuwa na ziara inakuja: wakaguzi wa maji pamoja na wawakilishi wa bondeni, maana kelele zilianza tena. Meneja akapita getini, mikono nyuma.

"Mapezi, hayo mawe yana ukungu. Yatoe, yasuguliwe. Na huo wavu umechoka, utoe, nimeagiza mwingine mzuri. Panga vizuri, tunataka watu waone maji mpaka chini."

Akatoa. Mchana ule jua likapiga moja kwa moja, na umeme ukakatika, mapovu yakasimama. Mapezi alikwenda kula, aliporudi akasimama na kijiti cha meno mdomoni. Perege wake wote walikuwa juu. Midomo nje. Wanaachama wanafumba, wanaachama wanafumba.

Kama watoto wanaoomba titi.

Kijiti kikaanguka. Maneno ya mke wake yalimjia kwa sauti yake mwenyewe, na feni ikikohoa nyuma yake. Alirudisha mawe mbio, mengine hayajasuguliwa, akafunika bwawa kwa maturubai, akachota maji kwa beseni na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa, mpaka mikono ikafa ganzi na umeme ukarudi. Waliokufa walikuwa wachache. Kesho yake waliobaki walikuwa wanaruka tena, wanamnyonya vidole. Yeye alitoa vidole kwenye maji.

Siku ya mapumziko alifanya kitu nyumbani kwake, uani, peke yake. Alipanga ndoo tatu, kila moja na samaki wawili. Ndoo ya kwanza, maji ya bomba la kiwanda, ndani mawe ya chokaa, ndoo iko kivulini. Ya pili, nusu maji ya bomba la kiwanda na nusu maji ya mvua, ndoo iko juani, maana ndivyo maji yanavyomfikia Dada: yamechanganyika na maji laini ya kijito, laini kama ya mvua, yamepikwa na jua. Ya tatu, maji ya mvua matupu, juani vilevile. Akakaa kwenye ngazi akiangalia.

Wa kivulini waliogelea. Wa mvua tupu walihema kwa joto lakini walivumilia. Wale wa katikati, jua halijaanza hata kushuka, walikuwa wamegeuka. Na ndoo yao ndiyo iliyokuwa na maji ya kiwanda machache kuliko ile ya kwanza! Machache, mnaelewa? Nusu tu!

Alimpigia mkaguzi wa maji, mama mmoja mpole mwenye miwani ambaye kila alipokuja humwachia namba yake na kumwambia, "Kukiwa na lolote, nipigie." Kukawa na lolote.

"Mwanangu," mkaguzi akamwambia, na sauti yake ilionyesha si habari mpya kwake, "zinki haitembei peke yake. Kwenye maji magumu, yaliyojaa chokaa, ile chokaa inaikamata sehemu ya zinki, na sehemu iliyobaki inagombania nayo nafasi kwenye matamvua ya samaki, pale anapohemea, kwa hiyo inayoingia ni kidogo. Kwenye maji laini hakuna wa kugombana nayo, inaingia inavyotaka. Halafu weka joto. Maji ya moto hayashiki hewa, samaki anahema haraka haraka, na kila akihema anazidi kuivuta. Sumu ni ileile. Mahali ndipo panapoigeuza."

"Na samaki wangu?"

"Wako wana kivuli, wana mapovu, wana mawe. Tena wamezaliwa humo, wameizoea tangu mayai. Hao si samaki, hao ni wafanyakazi wa kiwanda."

Alicheka kidogo. Mapezi hakucheka.

"Kwa hiyo mama, si mnapima? Si mnaona?"

"Tunapima pale bombani. Na pale bombani kipimo kiko chini ya kiwango, kila mara. Na kiwango ni kimoja, mvua au jua, getini au bondeni."

Mapezi akaenda kwa Meneja. Akamweleza yote, ndoo kwa ndoo. Meneja alimsikiliza huku anapulizia chai yake.

"Mapezi. Jibu swali moja. Samaki wa getini wanaishi au hawaishi?"

"Wanaishi kwa sababu ninawaishisha, bosi."

"Basi endelea kuwaishisha. Si ndiyo kazi yako?"

Akatoka pale, akampigia mkewe. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Safari hii mkewe akapokea.

"Mama Pacha, nimeona. Nimeona kwa macho. Ni maji. Njoo siku ya ziara, Dada atakuwepo, shemeji atakuwepo, nitawaonyesha wote. Nitakusafisha jina mbele yao."

"Utanisafisha na nini?"

"Na samaki."

Pacha mmoja anasikika kwa mbali anagombania kijiko.

"Siku ile sebuleni," akasema Mama Pacha, "ulikuwa unaniamini au huniamini?"

Nyie, simu ya Mapezi ilikuwa na chaji, mtandao ulikuwa mzuri, na mdomo ulikuwa wake. Hakujibu.

"Sawa," akasema mkewe. "Nikisafishwa na samaki, nitakuwa nimesafishwa na samaki. Si na mume wangu." Akakata.

Lakini alikuwa ameshaamua. Siku mbili kabla ya ziara, alitoa mawe yote kama vile anayasugua, akayarundika nyuma ya stoo. Akageuza bomba limwage mtaroni moja kwa moja, akapunguza maji ya bwawa hadi nusu, akajazia nusu nyingine kwa maji ya tangi la mvua. Asubuhi ya ziara akakunja wavu mpya, akachomoa waya wa mashine ya hewa. Kisha akachutama ukingoni. Perege wakaja wakidhani ni chakula. Wale wakubwa aliwajua mmoja mmoja: Pua, Bibi Harusi, Mkia Nusu, yule mbishi waliyemwita Meneja Msaidizi. Aliwatupia chakula kingi kuliko siku zote. Walikula wakaruka. Akasimama akaenda kujificha chooni, akafungua bomba ili watu wasisikie.

Wageni wakafika jua likiwa utosini. Mkaguzi na kisanduku chake cha kupimia, watu wa bondeni, Dada na kanga yake, Shemeji, Meneja mbele yao akitembea kinyumenyume kama mtembeza watalii.

"Na hapa sasa ndugu zangu, mashahidi wetu, samaki wetu wa..."

Akageuka kutazama.

Pua alikuwa amelala ubavu. Bibi Harusi anazunguka mduara mmoja, anazunguka, anazunguka. Waliobaki midomo juu. Mkia Nusu alikuja mpaka ukingoni mbele ya viatu vya Mapezi, akafungua mdomo, akageuka tumbo.

Mapezi akaanza kusema. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri, lakini yakatoka mafungu mafungu. "Hayo ndiyo maji ya bondeni. Dada, tazama. Hivyo ndivyo samaki wako walivyokufa. Sijaweka kitu. Nimetoa mawe, nimetoa kivuli, nimezima hewa, basi. Mke wangu hakuua. Mke wangu aliwakuta hivi hivi..."

"Ngoja," akasema Meneja, sauti ya chini, tamu. "Maji haya yameongezeka. Juzi yalikuwa nusu, nilipita nikaona. Umetia nini humu?"

"Maji ya mvua. Ni kwa sababu ya ulaini, maji yakiwa laini..."

"Maji ya nini?"

"Ya mvua."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Shemeji. Hakukusudia, kilimtoka. "Maji ya mvua! Shemeji, hata uongo mmeazimana?"

Na Dada, aliyemlea, aliyembeba mgongoni, akajifunga kanga vizuri akasema, "Kumbe hakuwa mke peke yake. Mke na mume. Yeye kwangu, wewe kazini kwako. Tumewakosea nini nyie watu wenye ndoo?"

"Mama," Mapezi akamgeukia mkaguzi. "Waambie. Uliniambia mimi, waambie na wao."

Mkaguzi alichota maji, akatia dawa yake, akasubiri rangi, akalinganisha. "Zinki iko chini ya kiwango," akasema. Akavua miwani. "Lakini ieleweke kwamba joto, na ugumu wa maji, na hewa iliyomo..."

"Mama mkaguzi," akasema Meneja, "tuna wageni, na jua ni kali. Swali ni moja tu. Maji ya kiwanda yamevuka kiwango au hayajavuka?"

Mkaguzi alimtazama Mapezi. Kisha akafuta miwani yake kwa pindo la kitenge, akairudisha usoni.

"Hayajavuka."

Mapezi alitolewa kwenye geti alilolifagia mwenyewe, walinzi wawili, mmoja kila kwapa. Kuna mtu alirekodi. Ile klipu ya zamani ya vidole na muziki ikaunganishwa na hii ya matumbo, juu yake yameandikwa maneno ya kuchekesha, na ikazunguka kuliko ya kwanza. Akatolewa na yeye kwenye kundi la familia.

Mama Pacha alimpigia siku hiyo, yeye mwenyewe.

"Nimeona klipu. Uliwaua wale samaki?"

"Niliwaua."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Alivuta pumzi, na Mapezi akadhani, kwa dakika ile moja, kwamba yameisha.

"Ulichinja wote hao," akasema Mama Pacha. "Na siku ile neno moja tu lingetosha." Akakata.

Sasa sikieni mwisho wake, maana unachoma kuliko yote. Kiwanda kikaleta perege wapya, wavu mpya, mashine mpya ya hewa, mtunzaji mpya, na kibao kimepakwa rangi upya. Lakini yale mawe ya chokaa waliyakuta nyuma ya stoo, wakaona ndiyo aliyoyatumia kufanyia uchawi wake, wakaita lori wakayatupa mbali kabisa. Yana sumu hayo, walisema! Perege wapya wakaanza kugeuka matumbo. Wakaleta wengine. Wakageuka. Na ziara nyingine imeshapangwa.

Jana mchana Mapezi amekaa kwenye ngazi za uani, ndoo ile ya kwanza iko mbele yake, na samaki wawili waliobaki duniani wanaomjua wanazunguka juu ya mawe yao. Simu ikaita. Meneja. Akaiacha. Ukaingia ujumbe wa sauti: "Mapezi, kijana wangu. Yaliyopita tumeyazika. Rudi kazini, kwa cheo. Njoo tu uwaweke vizuri kabla wageni hawajafika. Ulikuwa unawafanyaje wale samaki wakaishi?"

Akienda, samaki wataishi, mshahara utarudi, pacha watakula, na mke wake ataitwa Ndoo mpaka azikwe. Asipoenda, samaki watakufa mbele ya watu bila mkono wake, na huenda Dada akaona, au huenda Meneja akapata mwingine wa kumsingizia. Na Mama Pacha alishasema hataki kusafishwa na samaki.

Simu inaita tena, iko mkononi mwake, jina la Meneja linawaka linazima.

Haya, niambieni kwa kweli, bila kujifanya wema: ingekuwa simu yako, ungeipokea?